Gari Litetemekapo kwa Breki Katika Mwendo Mkali

(Maneno ya Katibu wa Chama mbele ya wanachama na viongozi, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Tumepewa nafasi ya kusema nanyi kidogo baada ya taarifa ya hesabu, na hapana shaka wengi wenu mlitazamia kwamba tutazungumza juu ya bei ya kahawa au juu ya mbolea. Mambo hayo yamekwisha kusemwa asubuhi, na mchana yatasemwa tena na watu wenye sauti kubwa kuliko yetu. Sisi wa ofisini tumechagua jambo ambalo kwa kulitazama ni dogo, lakini mwaka jana lilikaribia kutuondolea gari letu, na pengine kutuondolea watu pia. Nalo ni hili: gari likiwa katika mwendo mkali, dereva akakanyaga breki, kisha gari zima likatetemeka, chanzo chake ni nini, nacho hutambuliwaje?

Wote mnaijua pikapu ya Chama. Ndiyo ipelekayo sampuli za kahawa, ndiyo iletayo mbolea msimu wa kupandia ukikaribia, na ndiyo imchukuayo mkaguzi wa hesabu toka kituo cha basi. Tena wako miongoni mwenu akina mama waliofikishwa hospitali na gari hilo usiku wa manane, jambo ambalo halimo katika masharti ya Chama, wala hatujaona mjumbe aliyelipinga. Gari ni moja tu. Likisimama, kazi nyingi husimama nalo.

Mwaka jana lilipokuwa likienda Dodoma kwa shughuli za ushirika, lilipita Makambako na kushika barabara ile iliyonyooka iendayo Mafinga. Dereva alikuwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Lori lililokuwa mbele likapunguza mwendo, naye akakanyaga breki kwa kiasi. Hapo usukani ukaanza kucheza mikononi mwake kama ungo unaopeta mpunga. Mwendo uliposhuka chini ya kilomita 60, mtetemeko ukatoweka kana kwamba haukuwapo. Alipoondoa mguu, gari likaenda vizuri kabisa. Mbele yake kulikuwa na Iringa, na baada ya Iringa kuna mteremko wa Nyang'oro. Akauteremka kwa gia ya pili, polepole, akafika salama, na aliporudi akaleta habari kwa Bodi.

Katika kikao hicho yalizuka maneno matatu. Wa kwanza walisema kwamba dereva huendesha kwa fujo, akatwe mshahara. Wa pili walisema kwamba ni matairi, yanunuliwe mapya manne. Tatu ikawa ni barua ya gereji moja ya mjini, ambayo hatutaitaja jina, iliyotaka vibadilishwe vyombo vyote vya mbele: diski, pedi, kalipa, beringi, bushi na tai rodi, kwa jumla ya fedha ambayo ingalimeza sehemu kubwa ya ushuru wenu wa msimu. Mwenyekiti akaamua kwamba isitoke hata shilingi moja mpaka ijulikane kwanza ni nini kilichoharibika. Tungependa uamuzi huo uandikwe katika historia ya Chama, kwa kuwa ndio uliotuokoa.

Basi akaitwa fundi mzee, mtu asiyependa maneno mengi. Hakufungua kitu chochote. Alipanda gari pamoja na dereva wakaenda kwenye barabara tupu, kavu, iliyonyooka, wasiwe na gari nyuma yao. Swali lake la kwanza lilikuwa: je, gari hutetemeka lipitapo mwendo ule ule bila kukanyagwa breki? Swali hili lina thamani kuliko spana nyingi. Kama mtetemeko upo wakati wote gari lifikapo kilomita 80 au 100, iwe breki imekanyagwa au haikukanyagwa, basi breki haina kosa; aghalabu itakuwa ni gurudumu ambalo uzito wake haukusawazishwa, au rimu iliyopinda kwa kuingia shimoni, au tairi lililovimba. Bali kama mtetemeko huja na mguu na huondoka na mguu, hapo kosa latafutwa katika breki. Gari letu lilikuwa la namna hii ya pili. Hivyo matairi manne yaliachiliwa huru siku hiyo hiyo, na hata leo yangali yakitembea.

Swali la pili lilikuwa mahali mtetemeko unapohisiwa. Ukija mikononi kwa usukani, aghalabu chanzo ni magurudumu ya mbele. Ukija kwenye kiti na sakafuni, huku usukani umetulia, shuku magurudumu ya nyuma. Pedeli ya breki nayo hupigapiga chini ya mguu katika hali zote mbili, kwa hiyo peke yake haitoshi kuwa shahidi. Ili kupata uhakika, fundi alimwambia dereva ashuke mpaka kilomita 40, aiache pedeli, kisha avute breki ya mkono taratibu sana huku kitufe chake amekibana ili aweze kuiachia mara moja. Katika pikapu yetu breki ya mkono hushika dramu za nyuma peke yake. Gari likapungua mwendo bila kutikisika, na dramu za nyuma zikaondolewa katika orodha. Tunawasihi vijana wasifanye jaribio hili kwa mwendo mkali wala barabarani penye maji, kwani magurudumu ya nyuma yakikwama gari hugeuka.

Walipokwisha kurudi uani, fundi alipitisha kiganja karibu na kila rimu pasipo kuigusa. Ya mbele kulia ilikuwa na joto kidogo kuliko ya kushoto, lakini si joto la kutisha. Lingekuwa kali mno angeshuku kalipa iliyoganda, yaani ile inayoendelea kubana diski hata mguu ukiondoka. Kalipa ya namna hiyo hulivuta gari upande, huila pedi moja upesi kuliko mwenzake, na harufu yake ya kuungua hujulisha hata abiria wa nyuma.

Ndipo gari likainuliwa, likawekewa vigingi imara, gurudumu likatikiswa kwa mikono miwili, juu na chini, kisha kulia na kushoto. Beringi iliyolegea, au boli jointi na tai rodi zilizochakaa, hazianzishi mtetemeko wa breki mara nyingi. Lakini huukuza, kama vile debe tupu likuzavyo sauti. Vyombo vyetu vilikuwa vikavu na vimekaza. Fundi akaiomba ile barua ya gereji, akaisoma mpaka mwisho, akairudisha bila kusema neno.

Sasa tufike kwenye diski yenyewe, na hapa twaomba uvumilivu wenu. Watu wengi husema, nasi tumezoea kusikia, kwamba diski imepinda kwa moto. Usemi huu umeenea mno, lakini mara nyingi si kweli. Jambo litokealo kwa kawaida ni hili. Diski hukaa juu ya habu. Kama kati ya diski na habu kuna kutu au mchanga, au kama nati za gurudumu zimekazwa upande mmoja kuliko mwingine, diski haikai wima sawasawa. Huyumba kidogo kila inapozunguka. Kuyumba huku ni kudogo sana hata jicho haliwezi kukuona. Watengenezaji wengi hawakubali kuzidi milimita 0.05 mpaka 0.1 hivi. Siku za kwanza dereva hahisi kitu. Lakini katika kila mzunguko sehemu ile iliyojitokeza huigusa pedi, hata breki isipokanyagwa, na hivyo huliwa kidogo kidogo. Baada ya kilomita elfu kadhaa diski inakuwa nyembamba hapa na nene pale. Tofauti ya unene ya milimita 0.02 tu yaweza kutosha kuutikisa usukani, na unywele wa kichwani mwetu ni mnene kuliko hapo.

Njia nyingine ni ile ya kuacha alama. Dereva akiteremka mlima mrefu kwa breki, diski ikawaka moto, kisha akasimama na kuendelea kuibana pedeli, pedi huacha utando wake mahali pale pale ilipobana. Utando huo ukawa kama kiraka, na breki hushika zaidi kila kiraka kinapopita.

Kwa nini basi mtetemeko huonekana katika mwendo mkali tu? Tairi la pikapu yetu husafiri mita 2 na kidogo kwa mzunguko mmoja. Katika kilomita 100 kwa saa gari huenda karibu mita 28 kwa sekunde, maana yake gurudumu huzunguka mara 13 hivi kila sekunde. Katika kilomita 40 ni mara 5 tu. Vyombo vya mbele vya gari, pamoja na usukani, vina mdundo wao wa asili, nao katika magari mengi haupo mbali na mapigo 13 hayo. Mapigo ya diski yakikutana na mdundo huo, huongezeka nguvu, kama mtoto aliye kwenye pembea asukumwapo kwa wakati wake. Zaidi ya hayo, mwendo ukiwa maradufu, nguvu ambayo breki hazina budi kuimeza huwa mara nne. Kwa sababu hiyo, jaribio la kuzunguka uwanja wa soko halikuonyesha kitu, na baadhi ya wajumbe wakamdhania dereva mwongo.

Fundi akafunga saa ya kupimia mbele ya diski na kuizungusha kwa mkono. Ya kushoto iliyumba kwa milimita 0.04, ya kulia 0.15. Akaifungua ya kulia, na chini yake habu ilikuwa na magamba ya kutu. Dereva akakumbuka kwamba gurudumu hilo lilipata pancha miezi michache nyuma, na walioliziba njiani walikaza nati kwa bomba refu, moja baada ya moja kwa kufuatana. Kutu ikasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Diski ziliporudishwa, kuyumba kulishuka, lakini unene ulikuwa umekwisha kutofautiana. Zilifikiriwa kukerezwa, lakini unene wa chini unaoruhusiwa umechapwa juu ya diski yenyewe, nasi tulikuwa tumeukaribia mno. Hivyo zikanunuliwa diski mbili za mbele pamoja na pedi zake, kwa maana upande mmoja haubadilishwi peke yake, na pedi za zamani juu ya diski mpya hazifai. Gharama yote haikufika theluthi ya ile iliyoandikwa katika barua.

Nati sasa hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa kuruka msalaba, kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari. Na kabla gari halijapakiwa, dereva alizishikisha pedi mpya: mara 20 hivi alishuka kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa kukanyaga kwa kiasi, bila kusimama kabisa, akiacha upepo upoze diski kati ya mara moja na nyingine.

Tuongeze neno moja kwa wenye magari yaliyo na ABS, yaani mfumo uzuiao magurudumu yasikwame. Mkikanyaga kwa ghafula na pedeli ikatetema upesi upesi kwa kelele ya kukwaruza, huo si ugonjwa; ndiyo kazi yake, msiondoe mguu. Wala vumbi la breki lisipulizwe kwa pampu ya upepo. Katika pedi na shuu za kale lilikuwamo asbesto, nayo huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

Kuhusu dereva, Bodi ilifuta shauri la kumkata mshahara. Iliazimia kwamba kuna daftari ndani ya gari, ambamo dereva huandika mwendo, mahali na namna ya kila dosari aionayo. Na kwamba akiandika neno breki, gari haliondoki uani mpaka lipimwe, hata kama anayesafiri ni Mwenyekiti mwenyewe. Wako wajumbe waliosema kwamba tumempa mtumishi mamlaka makubwa mno. Sisi hatuoni hivyo. Yeye ndiye aliyeushika usukani pale Nyang'oro.

Diski zile mbili za zamani zimewekwa juu ya meza iliyo kando ya mizani ya kahawa, pamoja na saa ya kupimia ambayo fundi ametuazima kwa leo tu. Baada ya chakula, dereva atakuwa hapo, naye ataizungusha ya kulia polepole ili kila apendaye auone mshale ukipanda na kushuka. Watoto wasiiguse saa.