PIKIPIKI YA ZAMANI YA JESHI: MAMBO TULIYOJIFUNZA

(Mazungumzo ya kikundi cha mafundi mbele ya mkutano wa vikundi vya maendeleo)

Tumeombwa tuseme habari ya ile pikipiki. Wengi wenu mmeiona imesimama hapo nje, na wengine mlisikia sauti yake kabla ya kuiona. Tutasema ukweli, hata mahali tulipokosea, kwa maana kikundi kinachosimulia faida peke yake hakimsaidii mtu.

Sisi tuko watu 11, mafundi wa jua kali pamoja na akina mama wawili wanaotuwekea hesabu. Mwaka 2021 tulisikia kuna pikipiki imelala ndani ya ghala la mahindi, kule juu kwenye mashamba yaliyokuwa ya Wazungu. Tukaenda kuiona. Ilikuwa imefunikwa na magunia na kuku walikuwa wametaga juu ya kiti. Tulipofuta vumbi kwenye fremu tukakuta herufi WM20. Hapo mzee wetu mmoja akasema, "Hii ni BSA M20, pikipiki ya jeshi la Uingereza."

Wacha tuwaambie kidogo habari yake. Kampuni ya BSA ilikuwa mji wa Birmingham. M20 ilianza kuuzwa 1937, na vita vilipoanza 1939 jeshi likaichukua kwa wingi. Wakati wa vita zilitengenezwa zaidi ya 120,000. Zilipeleka barua za jeshi na kuongoza misafara ya malori. Injini ni ya silinda moja, cc 496, na nguvu zake ni za farasi 13 tu. Haina mbio, lakini haichagui petroli. Nyuma haina shoku, unategemea springi za kiti. Baada ya vita jeshi liliuza nyingi kwa raia. Hii yetu, tulivyoambiwa, ilinunuliwa na mwenye shamba, naye alipoondoka akamwuzia mfanyakazi wake. Huyo ndiye mzee mwenye ghala.

KOSA LA KWANZA

Mzee alikuwa ameshafariki. Mtoto wake wa kiume ndiye aliyetuuzia. Tulipatana shilingi 60,000, tukalipa 35,000 siku hiyo hiyo, tukaandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili, na pikipiki ikapakiwa. Tulikuwa tumekagua injini, tukakagua magurudumu, tukakagua hata kengele. Hatukuuliza mali ni ya nani.

Wiki ya tatu, mama mjane alifika karakana pamoja na binti zake wawili. Hawakuja kwa fujo. Yule mama alisimama mbele ya pikipiki, nasi tumeshaifungua vipande vipande. Akasema mumewe ndiye aliyempeleka hospitali na pikipiki hiyo alipokuwa akienda kujifungua mtoto wa kwanza. Kisha akauliza, "Nani aliwaambia inauzwa?"

Tulinyamaza. Walipoondoka tukaanza kugombana. Wengine wetu walisema, sisi tumelipa na karatasi tunayo, mambo ya nyumba yao ni yao. Lakini mama mwekahazina akauliza, "Na kama lingekuwa ng'ombe la mama yako, ungesemaje?"

Tulikwenda kuuliza wanaojua sheria. Kumbe karatasi yetu haikuwa na nguvu. Sheria ya urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, hairuhusu mtu kuuza mali ya marehemu kabla ya mahakama kutoa hati ya kuisimamia, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Tena sheria hiyo haitofautishi mtoto wa kiume na binti. Kijana hakuwa na haki ya kuuza peke yake, na sisi hatukuwa na haki ya kununua.

Basi tukasimamisha kazi na kufunika vyuma na turubai. Familia ikapata barua ya chifu ya kuonyesha warithi, ikaenda mahakamani, na mambo yakachukua miezi 11. Tunataka mjue miezi hiyo ilikuwa ya namna gani. Zile 35,000 zilitoka katika akiba ambayo wanachama hukopa. Shule zilipofunguliwa, watoto wa wanachama wawili walirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na pesa zetu zimelala chini ya turubai. Tulitazamana vibaya siku hizo. Mwanachama mmoja alitaka kutoka.

Mwisho familia nzima ilikaa chini nasi. Walikubali kuuza kwa 80,000. Zile 35,000 zilihesabiwa katika fungu la kijana, na zilizobaki wakapewa mama na binti zake. Tulilipa zaidi ya bei ya kwanza, lakini tulilala usingizi.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanyeni hivi. Ulizeni logbuku. Linganisheni namba za fremu na za injini na zile zilizoandikwa. Tafuteni rekodi ya mwenyewe kwa NTSA. Kama mwenyewe amefariki, ulizeni hati ya mahakama, na mwite mama na watoto wote. Kwa pikipiki hizi za jeshi, namba ya injini huenda isifanane na ya fremu, kwa maana karakana za jeshi zilibadilisha injini. Hiyo peke yake si wizi. Lakini yaliyo kwenye logbuku lazima yawe yale yaliyo kwenye chuma.

KAZI YENYEWE

Tenki lilikuwa limetoboka kwa kutu. Kijana wetu alishika moto wa kuchomelea, amebakisha hatua mbili tu, mzee akampigia kelele. Tenki tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke unaobaki ndani hulipuka kama bomu, hata kama tenki limekaa miaka mingi. Tuliliosha kwa maji moto na sabuni mara nyingi, tukalijaza maji mpaka karibu na tundu, ndipo tukachomelea. Kutu ya ndani tuliitoa kwa kutia kokoto ndogo na kulitikisa kwa zamu.

Breki za zamani zina asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa baada ya miaka mingi. Msilipulize kwa upepo wala kwa mdomo. Lowesheni kwa maji, futeni kwa kitambaa, kisha kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko.

Spana zetu za milimita hazikuingia. Nati za M20 ni za vipimo vya Kiingereza vya zamani. Tuliharibu bolti mbili kwa haraka kabla ya kukubali kwenda Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta spana zilizotumika. Pistoni, ringi na gaskiti tuliagiza Uingereza, kwa maana spea za mashine hii bado zinatengenezwa, lakini ushuru na usafiri ni pesa nyingi.

Injini iliwaka 2023. Tulishangilia, kisha baada ya dakika kumi ikazima. Ikipoa inawaka, ikipata moto inakataa. Tulilaumu kabureta, tukaisafisha mara nne. Ubaya ulikuwa kondensa ndani ya magneto, ambayo ikipata joto hupoteza nguvu na cheche hukatika. Tulipoibadilisha, ikatulia. Tulijifunza kwamba fundi asipouliza chuma vizuri, chuma hakimjibu.

Jambo jingine ni kupiga kiki. Kwenye usukani kuna kijiti cha kurudisha nyuma wakati wa cheche. Usipokirudisha, kiki inakurudia mguuni. Kijana mmoja alichechemea wiki mbili. Tena gia iko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki za boda boda. Mtu asiipeleke barabarani kabla ya kuizoea uwanjani.

HESABU

Kununua, shilingi 80,000. Spea na ushuru, 94,000. Tairi, rangi na kuchomelea, 31,000. Safari na mambo ya mahakama kwa upande wetu, 12,000. Jumla 217,000, na kazi yetu ya kila Jumamosi hatujaihesabu. Kwa pesa hizo tungenunua pikipiki mpya ya boda boda na chenji ingebaki. Kwa hivyo anayetaka pikipiki ya kubeba maziwa, tunamwambia wazi, asinunue ya jeshi.

Sasa faida iko wapi? Vijana watatu waliojifunza juu yake leo wanafungua injini za watu na kulipwa. Na wako watu wanaopenda mashine za zamani, huonekana kila mwaka kwenye maonyesho ya Concours pale Ngong. Mmoja ametupa bei inayozidi gharama zetu. Wengine wetu walitaka tuiweke, kwa kuwa tumeipenda. Tulipiga kura, na tutaiuza. Pesa zitarudi kwanza kwenye akiba ya mikopo ya karo, zitakazobaki tutatafutia mashine ya kuchonga chuma iliyotumika.

Kabla ya kuiuza tuliipeleka kwa yule mama. Alitoka nje aliposikia mlio, akiwa bado ameshika mwiko. Akasema sauti ni ile ile, akatukaribisha chai, na yule kijana wake ndiye aliyeleta vikombe.

Kama tungeikimbiza ile karatasi yetu, pikipiki ingewaka vilevile. Lakini tungepitaje mbele ya nyumba hiyo?

Mwenye swali aulize, na mwenye spana za inchi tafadhali asiondoke kabla hatujaongea.