Shylock ni Nani?



Hapa Kenya mkopeshaji wa riba kali tunamwita shylock. Je, umewahi kujiuliza jina hili limetoka wapi? Ni Myahudi katika tamthilia ya Shakespeare ya miaka ya 1590, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi. Uingereza ilikuwa imewafukuza Mayahudi tangu 1290, kwa hivyo watazamaji wengi walimjua Myahudi kwa hadithi tu.

Naye Charles Dickens, katika Oliver Twist (1837-1839), alimfanya Fagin mkuu wa genge la watoto wezi, na mara nyingi humwita "yule Myahudi". Mwaka 1863 mama wa Kiyahudi, Eliza Davis, akamwandikia barua kulalamika. Dickens kwanza alijitetea, lakini katika chapa ya 1867 akayafuta mengi ya maneno hayo.

Basi ndugu yangu, ikiwa kalamu ilisahihishwa, ulimi wetu je? Mla riba aitwe mla riba, mwizi aitwe mwizi. Kosa la mmoja tusiwabebeshe kaumu nzima. Sisi wenyewe tukifanyiwa hivyo hulia.