Kazi bila swali ni salongo
Hotuba kwa vijana watakaosindikiza shule za sekondari, Butembo



Nawasalimu wote, ninyi mliotoka Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Najua wengine mumekuja kwa mguu sababu pesa ya moto haikupatikana. Asanteni kwa kufika.

Masomo inaanza mwezi wa tisa. Mbele hatujaingia hata shule moja, tunapaswa kuelewana juu ya kitu kimoja: tunaenda kufanya nini na wale wanafunzi? Nitaanza na kosa letu wenyewe.

Kuna shule moja hapa mjini ambayo ilitupatia wanafunzi sitini, siku ya posho. Prefe alifurahi, sisi tulifurahi zaidi. Tulibeba majembe na ndoo, tukasafisha mtaro ulio chini ya shule. Tulipiga picha, tukazituma kila mahali. Watu walitupongeza. Kisha mvua ikanyesha. Haikupita majuma mawili, mtaro ukajaa tena, maji yakaingia katika nyumba ya mama mmoja anayeuza maharagi, magunia yakalowana. Tulipofika kumpa pole, alituangalia, akasema: « Watoto wangu, mlikuja kusafisha ama kupiga picha? »

Hatukuwa na jibu. Lakini kilichoniumiza zaidi ni swali la msichana mmoja wa shule ile. Yeye aliuliza siku ile ile ya kazi, akiwa bado na jembe mkononi: « Huu mtaro ni wa nani? » Tulimwambia: « Ni wetu sote, endelea kuchimba. » Wandugu, lile halikuwa jibu. Yule mtoto ndiye alikuwa anasoma uraia siku ile, na sisi ndio tulimnyamazisha.

Kama tungemsikiliza, tungetembea pamoja naye mita mia mbili tu juu ya mtaro. Tungeona kwamba uchafu unatoka sokoni. Tungeuliza kwa nini, na kukuta hakuna mahali pa kuutupa. Tungeuliza pia ile taksi mama zetu wanayolipa kila siku sokoni inaenda wapi. Swali moja la mtoto lingetufikisha mpaka mlango wa komine. Sisi tuliishia kwenye picha.

Wazazi wetu wanaijua kazi ya namna hii. Katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, iliitwa salongo. Raia aliambiwa toka, shika fagio, fanya. Kusafisha si kubaya, mji wetu unahitaji kusafishwa. Ubaya ulikuwa hapa: mtu alifanya kazi bila haki ya kuuliza. Kazi bila swali ni salongo. Hata ukiivalisha jina zuri la mradi, hata ukipatia watoto maji ya chupa na biskuti, inabaki salongo.

Sasa wizara imebadilisha jina. Tangu 2024 inaitwa wizara ya Elimu ya Kitaifa na Uraia Mpya. Jina ni zuri. Lakini uraia mpya hautatoka kwenye kibao cha ofisi ya Kinshasa. Utatoka katika ile saa ya elimu ya uraia ambayo iko tayari kwenye ratiba ya shule, na ambayo mara nyingi mwanafunzi anaandika tu ubaoni, anakariri, anasahau. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 45, inasema ni wajibu wa mamlaka ya umma kuhakikisha Katiba yenyewe inafundishwa. Kwa hiyo tukibisha kwenye mlango wa prefe, hatuombi hisani. Tunakuja kusaidia jambo ambalo sheria inalidai.

Basi tufanye namna gani? Haya ndiyo niliyoyajifunza baada ya kosa lile.

Kwanza, wanafunzi ndio wanachagua shida, na wachague moja tu. Tusije na shida yetu mfukoni. Kama ni chemchem iliyoharibika, iwe chemchem. Kama ni vyoo vya wasichana shuleni, iwe vyoo. Sisi wavulana tulikuwa tunadhani vyoo ni jambo dogo, mpaka siku tulipowauliza wasichana.

Pili, wanachunguza mbele ya kushika jembe. Wanahesabu: watu wangapi wanachota maji pale, wanangoja muda gani, nani alijenga, nani anapaswa kutengeneza. Kila kitu kiandikwe kwenye kaye. Hapo mwalimu wa hesabu ana kazi, wa kifaransa ana kazi, wa biolojia ana kazi. Hatumuongezei mwalimu saa za bure. Wote tunajua anaishi namna gani. Tunaingia ndani ya somo ambalo tayari anafundisha.

Tatu, wanafanya sehemu yao kwa mikono. Ndiyo, jembe linabaki! Raia anayedai tu bila kugusa kitu, jirani hatamsikiliza. Lakini iwe sehemu inayolingana na nguvu ya mtoto wa shule.

Nne, wanaandika barua kwa yule mwenye sehemu iliyobaki: chefu wa kartiye, komine, ama meya. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ya umma ombi, peke yake ama pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kinasema pia kwamba hakuna mtu anayeweza kushitakiwa sababu aliandika ombi. Fanyeni hesabu: kama barua inaondoka mwezi wa tano, jibu litakuja wakati shule imefungwa na finalisti wamekwenda. Ndiyo maana barua itoke mbele ya mwisho wa mwezi wa kwanza. Mwezi wa tisa na wa kumi ni kuchagua na kuchunguza. Wa kumi na moja na wa kumi na mbili ni kazi ya mikono na kuandika. Mwezi wa nne tunahesabu siku na kuuliza: jibu liko wapi?

Tano, wanarudisha habari kwa wakaaji. Wasimame mbele ya wazazi, waseme tulikuta hivi, tulifanya hivi, tuliandika hivi, tulijibiwa hivi. Hata kama hatukujibiwa, hiyo pia ni habari.

Kwa kila shule tunataka watu wanne wanaojulikana: mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja aliyechaguliwa na wenzake, mzazi mmoja kutoka komite ya wazazi, na mmoja wetu. Wakutane mara moja kwa mwezi, na kaye ibaki shuleni. Mmoja wetu akisafiri ama akichoka, kazi isife.

Kisha kuna mipaka, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtoto ni yule asiyefikisha miaka 18, Katiba inasema hivyo. Sisi tukitoka barabarani, tunajua kinachoweza kutupata, na tumechagua. Yeye hajachagua. Kwa hiyo hakuna kupeleka wanafunzi kwenye maandamano yetu. Hakuna kuwavalisha tisheti zetu. Hakuna picha bila ruhusa ya mzazi. Na hakuna pointi kwa jembe: mwanafunzi apimwe kwa alichoelewa. Siku pointi zitakapolipia kazi ya mikono, kesho watapelekwa kulima shamba la mkubwa fulani, na tutasema nini?

Kuna mwenzetu aliniuliza: « Sasa mapambano iko wapi hapo? Kuhesabu ndoo? » Nilimjibu kwa mambo mawili ambayo wote tuliyaona.

Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, watu zaidi ya 2200 walikufa. Timu zilikuja na maagizo, wakaaji walikuwa na maswali. Maswali hayakupata mahali, yakageuka uvumi, na mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na vya hapa Butembo vikashambuliwa. Mji ambao haujazoea kuuliza na kujibiwa, ugonjwa unaukuta bila kinga.

Na tarehe 30 Desemba 2018, Kongo ilichagua rais, lakini Beni, Butembo na Yumbi tukaambiwa tungoje mpaka mwezi wa tatu. Rais aliapishwa mwezi wa kwanza bila kura zetu. Siku ile ya uchaguzi, kule Beni, raia walijitengenezea vituo, wakapanga mistari, wakapiga kura zao bila ugomvi, wakijua hazitahesabiwa. Nani aliwafundisha kupanga ule mstari? Waliokuwa shule ya msingi siku ile, leo wako sekondari. Hao ndio tunaenda kukutana nao.

Kwa hiyo naomba kila kundi lichague shule moja, moja tu, na likamwone prefe mbele mwezi huu haujaisha. Msiende na mabango, nendeni na kaye. Na mwanafunzi akiwauliza « huu mtaro ni wa nani? », musimwambie aendelee kuchimba. Mwambieni: « Hatujui. Twende tuulize pamoja. »

Yule mama wa maharagi bado anaishi pale chini ya shule, na mvua ya mwezi wa tisa iko njiani. Tumeanza kwake.