Mfumo Huria, Kadi Iliyofungwa: Uliza Kabla ya Kununua



Leo tunazungumzia jambo ambalo walaji wengi hulitambua baada ya fedha kwisha kutoka mfukoni: kompyuta yaweza kuwa nzima, na mfumo wake ukawa wa bure, lakini uhai wake ukategemea uamuzi wa mtengenezaji wa kifaa kimoja tu kilichomo ndani yake.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi, hasa zile za mtumba, hazikidhi masharti ya Windows 11. Wenye kompyuta hizo hushauriwa kuhamia mifumo huria ya Linux, kama vile Ubuntu na Debian, na ushauri huo una msingi. Mifumo hiyo haidai ada ya leseni, na msimbo wake uko wazi: mwenye ujuzi anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wengine.

Hata hivyo, uhuru huo una mpaka. Ili picha ionekane kwenye kioo, mfumo huhitaji draiva, yaani programu inayouwezesha kuwasiliana na kadi ya michoro. Intel na AMD wana draiva huria zinazowekwa ndani ya kerneli, ambayo ndiyo kiini cha Linux, na husasishwa pamoja nayo. Kadi za NVIDIA zina historia tofauti. Kwa miaka mingi, draiva rasmi ya kampuni hiyo ilitolewa bila malipo, lakini msimbo wake ulifungwa. Waandaaji wa programu huria walitengeneza draiva mbadala iitwayo Nouveau kwa kuchunguza mwenendo wa kadi zenyewe. Nayo huonyesha picha, ingawa kwa kadi nyingi kasi yake ni ndogo. Mwaka 2022, NVIDIA ilifungua msimbo wa sehemu inayoingia kwenye kerneli, kwa kadi za kizazi cha Turing cha mwaka 2018 na vizazi vilivyofuata. Sehemu nyingine za draiva zimebaki zimefungwa, na kadi za zamani hazimo.

Hapa ndipo mlaji anapopaswa kutofautisha kitu cha bure na kitu huria. Kadi za kizazi cha Kepler, zilizoanza kuuzwa mwaka 2012, ziliishia kwenye toleo la 470 la draiva, ambalo huduma yake ilikoma mwaka 2024. Kerneli huendelea kubadilika. Draiva iliyoachwa haibadiliki. Siku moja mtumiaji husasisha mfumo, huwasha kompyuta, na kukuta kioo cheusi. Huenda akaambiwa kuwa kadi imeungua, kumbe ni nzima. Draiva na kerneli ndivyo visivyoelewana tena. Fundi hodari aweza kutia viraka pembeni, lakini sehemu kuu imefungwa, naye hana ufunguo.

Hatusemi kwamba programu funge ni kosa. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo huenda akaihitaji, na ni haki yake kuichagua. Tunasema achague akijua.

Kwa hiyo, tunawashauri yafuatayo:

Kwanza, muulize muuzaji jina na namba kamili ya modeli ya kadi. Kuambiwa “ni NVIDIA” hakutoshi. Kisha angalia kwenye tovuti ya mtengenezaji kama modeli hiyo bado inahudumiwa.

Pili, omba kujaribu mfumo kutoka kwenye flashi kabla ya kulipa. Kumbuka kuwa jaribio hilo kwa kawaida hutumia draiva huria. Picha kuonekana hakuthibitishi kwamba draiva rasmi nayo itafanya kazi.

Tatu, pata draiva kutoka katika hazina ya mfumo wenyewe, wala si kwenye tovuti usiyoijua.

Nne, nakili kazi zako kabla ya kusasisha. Kioo kikiwa cheusi, usikimbilie kununua kadi nyingine. Fungua menyu ya kuwashia na uchague kerneli iliyotangulia.

Tano, muuzaji akikuahidi kwamba kompyuta inafaa kwa Linux, ahadi hiyo iandikwe kwenye risiti pamoja na modeli ya kadi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, lakini ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Swali moja dukani laweza kukuongezea miaka kadhaa ya matumizi ya kompyuta uliyoinunua kwa jasho lako.