Mtaalamu Asiambiwe Nani Anashukiwa

Msikilizaji, kila maabara mpya ya uchunguzi wa jinai inapozinduliwa, tunaoneshwa mashine. Mgeni rasmi anakata utepe, anazungushwa vyumbani, anaelezwa kwamba chombo hiki kinapima vinasaba na kile kinalinganisha alama za vidole, na jioni taarifa ya habari inatuambia wahalifu sasa hawana pa kujificha. Sina ugomvi na mashine. Ila leo nataka tuitazame kesi moja ambayo mashine ilifanya kazi yake vizuri tu, wakakosea wataalamu watatu wazoefu, kisha akaja wa nne akawaunga mkono.

Tarehe 11 Machi 2004, mabomu yalilipuka ndani ya treni za asubuhi mjini Madrid, Hispania, yakaua watu zaidi ya 190. Polisi walikuta gari la Renault Kangoo karibu na kituo cha Alcalá de Henares, na ndani yake mfuko wa plastiki wa buluu wenye vifaa vya kulipulia. Kwenye mfuko kulikuwa na alama ya kidole. Picha yake ikasambazwa kwa polisi wa nchi mbalimbali, wakiwemo FBI wa Marekani.

Kompyuta ya FBI ikapekua kumbukumbu za mamilioni ya watu, ikatoa alama 20 zinazokaribiana na ile ya mfukoni. Haikusema huyu ndiye. Hiyo si kazi yake. Ya nne katika orodha ilikuwa ya Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon aliyewahi kuwa mwanajeshi. Mtaalamu wa kwanza akalinganisha, akasema ni yeye. Wa pili akahakiki, huku akijua mwenzake ameshasema nini. Mkuu wao naye akaridhia. Hati ya kiapo iliyopelekwa mahakamani ikaandika kwamba ulinganisho huo una uhakika wa asilimia 100.

Sasa ngoja tuiangalie alama yenyewe. Upande wa juu kushoto, mistari haikulingana kabisa na kidole cha Mayfield. Kwa kanuni za fani hiyo, tofauti moja isiyo na maelezo inatosha kukufanya useme si yeye. Wao wakaipatia maelezo: eti sehemu hiyo iliachwa na mguso mwingine, wa kidole kingine. Na mkaguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2006, alibaini jambo baya zaidi. Baada ya kuziona nukta kumi hivi zinazofanana, wataalamu walianza kusoma kinyumenyume. Walichukua vijialama vidogo kutoka kwenye kidole safi cha Mayfield, wakaenda kuvitafuta kwenye ile picha yenye ukungu ya mfukoni. Wakaviona. Ukishaambiwa mtoto amefanana na baba yake, hata pua ambayo si ya baba utaiona ni ileile.

Tarehe 13 Aprili, polisi wa Hispania waliwaandikia FBI kwamba kwa upande wao jibu ni hapana. Badala ya kurudi mezani, FBI walimpandisha mtaalamu ndege kwenda Madrid kuwaelewesha Wahispania.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Wataalamu wale walipolinganisha mara ya kwanza hawakujua Mayfield ni nani, na ni kweli vidole vile vilifanana kwa namna isiyo ya kawaida. Lakini baadaye ikajulikana kwamba amesilimu, mkewe ni mzaliwa wa Misri, na amewahi kumtetea katika kesi ya malezi ya mtoto mtu aliyekuja kutiwa hatiani kwa kutaka kuwasaidia Taliban. Mkaguzi alisema mambo hayo huenda yalichangia wataalamu kutotilia shaka jibu lao. Hakukuwa na ushahidi wowote kwamba alisafiri kwenda Hispania. Basi ikadhaniwa kwamba alisafiri kwa jina la bandia!

Alikamatwa tarehe 6 Mei. Mahakama ikateua mtaalamu huru, na tarehe 19 Mei naye akasema alama ni ya Mayfield. Siku hiyohiyo Wahispania wakatangaza kwamba wamempata mwenye kidole, Mualjeria aitwaye Ouhnane Daoud. Kesho yake Mayfield akaachiwa. FBI wakaomba radhi, na serikali ikamlipa dola milioni 2.

Mtafiti Itiel Dror aliitumia kesi hii kwa ujanja. Aliwachukua wataalamu watano, akawapa alama ambazo wao wenyewe, miaka ya nyuma, walishaamua kwamba zinalingana. Hawakujua ni zao. Akawaambia hizi ndizo za kesi ya Madrid, zile FBI walizokosea. Watatu wakasema hazilingani, mmoja akasema haiwezekani kuamua. Mmoja tu alibaki na jibu lake la awali. Kidole ni kilekile na jicho ni lilelile. Kilichobadilika ni maneno yaliyotangulia.

Kwa hiyo ukiniuliza msingi wa taaluma hii ni upi, sitaanza na mitambo. Nitaanza na mambo ambayo hayahitaji utepe. Mtaalamu aandike anachokiona kwenye alama ya eneo la tukio kabla hajafunguliwa alama ya mtuhumiwa. Mhakiki asijue jibu la mwenzake. Na mtu anayesema "kielelezo hiki hakitoshi kuamua" asionekane ameiangusha timu ya upelelezi. FBI wenyewe walibadili taratibu zao baada ya aibu ile. Uingereza ilitunga sheria ya msimamizi wa sayansi ya jinai mwaka 2021, na tangu Oktoba 2023 kanuni zake zina nguvu ya kisheria.

Kwetu Tanzania, Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza vizuri mnyororo wa utunzaji wa vielelezo: nani alikikamata, nani alikihifadhi, nani alimkabidhi nani, na iwe kwa maandishi. Mawakili wameipenda hukumu hiyo, na wana haki. Kielelezo kilicholala siku tatu bila maelezo kinaweza kuiangusha kesi. Lakini sioni tukihoji kwa ukali uleule maneno yaliyosafiri pamoja na kielelezo. Tunahesabu mikono iliyobeba bahasha. Hatuulizi mtaalamu alinong'onezwa nini alipoipokea.

Mawakili mnaonisikiliza, mara nyingine mtaalamu akipanda kizimbani na ripoti yake, kabla hamjamuuliza kuhusu kemikali na darubini, mwombeni aisome barua ya polisi iliyoambatana na kielelezo. Yote, mpaka aya ya mwisho. Kisha mwulizeni ni lipi kati ya yaliyoandikwa mle alilihitaji ili apime.