Mvinyo wa Embe: Sifa za Jirani Hazitoshi

(Maelezo kwa vikundi vya usindikaji wa matunda, Miritini)

 

Nianze kwa heshima. Wengi mtaani humu hawanywi pombe kwa sababu ya dini, na sikuja kumshawishi yeyote. Nimekuja kwa kuwa vikundi vimeuliza: msimu wa maembe ukifika na bei ikianguka pale Kongowea, je, embe bivu linaweza kuwa mvinyo wa kuuzwa? Linaweza. Lakini tutajuaje kwamba mvinyo huo ni mzuri, na kwamba ni salama? Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina kipimo chake.

Kwanza karatasi, halafu ndoo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 hairuhusu kutengeneza wala kuuza kileo bila leseni, na Katiba imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni hizo. Kuna pia alama ya ubora ya KEBS na ushuru wa KRA. Kwa hivyo jaribio lenu la kwanza lifanyike chini ya mwenye leseni, si jikoni kwa mtu.

Sasa kazi yenyewe. Embe lioshwe, limenywe, lipondwe, litiwe maji na kuchujwa. Sukari msiikadirie kwa macho. Tumieni haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, na muongeze sukari kidogo kidogo mpaka isome 1.090. Hamira ya mvinyo ikimaliza kazi, itasoma karibu 1.000. Tofauti ni 0.090, zidisheni kwa 131, mtapata kileo cha karibu asilimia 12. Haidromita nyingi husoma sawasawa kwenye nyuzi 20. Juisi yetu ikiwa na nyuzi 28, ongezeni 0.002 kwenye kila kipimo. Joto likizidi, mvinyo hutoka na harufu mbaya, basi mtungi ukae ndani ya karai la maji na ufunikwe gunia bichi. Mashapo yakitulia, hamisheni mvinyo kwa mpira, muuache miezi kadhaa.

Kuonja nako kuna utaratibu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jirani atakusifu kwa sababu ni jirani. Basi fungeni chupa kwa karatasi, mzipe nambari, na mtengenezaji asiwe mmoja wa waonjaji. Kila mtu atazame rangi, anuse, aonje, ateme, kisha aandike kabla ya kusema neno. Mvinyo ukinuka siki, hewa imeingia. Ukinuka rangi ya kucha, vijidudu au joto vimeuharibu. Ukinuka yai viza, hamira imekosa chakula. Ukiwa mtamu kupita kiasi, rudini kwenye haidromita: huenda haujamaliza kuchachuka, na chupa iliyofungwa mapema inaweza kupasuka.

Lakini ulimi una mpaka wake. Hauwezi kuitambua methanoli. Matunda yakichachuka hutoa kiasi kidogo tu. Balaa huja mtu anapoongeza spiriti ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali. Novemba 2000, kule Mukuru kwa Njenga, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kinywaji chenye methanoli, na wengine wakapofuka. Walikionja kama kawaida. Kwa hivyo waonjaji wapime ladha, na maabara ipime usalama. Mvinyo ambao haujapita maabara usiuzwe, hata ukisifiwa na mtaa mzima.

Kila kikundi kiwe na daftari: tarehe, aina ya embe, kiasi cha sukari, kipimo cha mwanzo na cha mwisho, joto, alama za waonjaji. Mtungi wa kwanza ukitoka vizuri, daftari ndilo litakalowawezesha kuupata wa pili ulio sawa na huo. Mteja hununua chupa ya kwanza kwa kujaribu. Ya pili huinunua kwa kuwaamini.