Mutombo na njia zilizofungwa



Vijana wa mpira wa kikapu walituomba tuzungumze juu ya Dikembe Mutombo, aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024. Tulikubali upesi, ingawa sisi polisi tuna sababu yetu ya kumkumbuka.

Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, katika nchi hiyo tunayoitazama ng'ambo ya ziwa. Alikwenda Marekani kusoma akitamani udaktari. Urefu wake wa mita 2 na sentimita 18 ukamvuta uwanjani. Mwaka 1991 alichukuliwa na timu ya Denver Nuggets, akacheza misimu 18 hadi 2009. Kazi yake ilikuwa kuzuia. Mara nne alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya NBA, na mitupo aliyoipangua ni 3,289. Anayemzidi ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake. Akishapangua, alitikisa kidole: hapa hapitwi mtu. Alipoanza kuadhibiwa kwa kumtikisia mpinzani usoni, akageuka akawatikisia watazamaji. Wajanja wa namna hiyo twawajua.

Lakini mzuiaji huyu aliumizwa na kizuizi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wa machafuko, mama yake, Biamba Marie, aliugua ghafla mjini Kinshasa. Njia zilikuwa zimefungwa, hakufikishwa hospitali, akafariki. Utajiri wa mwanawe haukumfaa kitu siku ile. Baadaye Mutombo alitoa mamilioni ya dola zake, na mwaka 2007 hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama huyo ikaanza kupokea wagonjwa.

Twayataja haya kwa kuwa wafungaji wa njia ni sisi. Kwa nini mitumbwi na magari husimamishwa usiku, mnajua. Hata hivyo, katika miaka yetu ya kazi tumepata kumwona mjamzito akingojeshwa kizuizini huku vitambulisho vya aliofuatana nao vikikaguliwa kimoja kimoja. Tulikuwepo, wala hatukusema neno. Mgonjwa apite kwanza, askari mmoja amsindikize. Karatasi za wengine zitangoja. Nanyi msitulazie mgonjwa wa uongo mtumbwini ili mpitishe magendo, maana atakayeshukiwa kesho yake ni mgonjwa wa kweli.

Tunaona akina mama wa sokoni wamekwisha kuinua mikono. Tuanze nao.